Mkulima Mdogo na Chakula cha Taifa: Mafunzo ya Historia kutoka Mlima Meru

UTANGULIZI

Kila mara mvua zinapokosekana na bei ya unga kupanda mijini, husikika sauti mbili juu ya mkulima mdogo. Sauti ya kwanza husema kwamba yeye ndiye chanzo cha tatizo. Analima kwa jembe la mkono, shamba lake ni kipande, elimu yake ni haba. Basi dawa ni mashamba makubwa na matrekta. Sauti ya pili humsifu mkulima huyo huyo majukwaani na kumwita uti wa mgongo wa taifa. Kisha hurudi ofisini na kumpangia la kulima, mahali pa kukaa na bei ya kuuzia, bila kumwuliza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sauti hizi mbili, ingawa zinaonekana kupingana, zina kosa moja. Zote humtazama mkulima kama chombo cha kuzalishia chakula. Hazimtazami kama mzalishaji mwenye akili, uzoefu na haki.

Ili hoja hii isibaki katika maneno matupu, tutaichambua kwa mfano mmoja halisi: wakulima wa miteremko ya Mlima Meru, katika Nkoaranga na vijiji vya jirani, juu ya barabara iendayo Arusha kutoka Moshi. Tumechagua mahali hapa kwa sababu tatu. Kwanza, kilimo cha wakulima wadogo kimekuwapo hapo kwa karne nyingi, na kimelisha watu wengi juu ya ardhi ndogo. Pili, hapo ukoloni ulionyesha waziwazi fikra zake juu ya ardhi na chakula, na wananchi wakaujibu hadi mbele ya Umoja wa Mataifa. Tatu, hapo hapo leo tunaiona mikinzano mipya ambayo kada yeyote wa Chama hana budi kuielewa.

Hoja yetu kuu ni hii. Mkulima mdogo huilisha nchi pale anapokuwa na mambo matatu mikononi mwake: ardhi yenye uhakika, maji, na sauti juu ya mazao yake. Akinyang'anywa lolote kati ya hayo, awe amenyang'anywa na mlowezi au na ofisa wa dola yake mwenyewe, chakula hupungua.

KILIMO CHA MLIMA KABLA YA UKOLONI

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566. Upande wake wa kusini na mashariki hupata mvua nzuri, na mito kama Nduruma, Tengeru, Malala na Usa huteremka kutoka msituni kuelekea tambarare. Wameru walijenga hapo mfumo wa uzalishaji ambao wageni wa kwanza wa Kizungu waliuona bila kuuelewa. Msingi wake ulikuwa kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba.

Katika kihamba hakuna kinachopotea. Mgomba hutoa ndizi za kupika, za kuiva na za pombe. Majani na shina lake hulishwa ng'ombe na mbuzi waliofungwa bandani. Samadi ya bandani hurudishwa shinani mwa mgomba. Chini ya kivuli hupandwa maharage, magimbi na mboga, na juu yake huachwa miti ya kuni, ya nguzo na ya kutundikia mizinga. Mifereji iliyochimbwa kwa nguvu za pamoja ililetea mashamba maji ya mito, na kila mfereji ulikuwa na utaratibu wake wa zamu na wa matengenezo. Ulezi ulilimwa pembeni. Ng'ombe wengine waliteremshwa nyanda za chini kwa malisho, na wafugaji wa Kimaasai walibadilishana mifugo yao na mazao ya mlimani.

Jambo la kisayansi la kuzingatia ni kwamba mfumo huu ulilimika mwaka hadi mwaka bila kuihama ardhi. Mabingwa wa kikoloni walizoea kusema kwamba Mwafrika hujua tu kufyeka, kuchoma na kuhama. Pale Meru familia moja iliweza kulima mahali pale pale vizazi kwa vizazi, na rutuba ikabaki kwa sababu ya samadi, kivuli na mchanganyiko wa mimea.

Hata hivyo tusiipambe historia. Jamii ya mlima haikuwa na usawa kamili. Mangi na wenye ng'ombe wengi walikuwa na uwezo kuliko wengine. Mzigo wa kila siku wa kukata majani, kuchota maji, kubeba samadi na kupika uliwaelemea akina mama, wakati urithi wa ardhi ulifuata upande wa wanaume. Kasoro hiyo ilikuwapo kabla ya mkoloni na imeendelea baada yake. Tutairudia mbele.

PETE YA MASHAMBA YA WALOWEZI

Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani walijibu kwa mashambulizi ya kuadhibu: watu waliuawa, migomba ilikatwa, mifugo ilinyakuliwa. Kada asome vizuri tendo hilo la kukata migomba. Adui alijua kwamba ghala la Wameru halikuwa jengo. Lilikuwa kihamba chenyewe. Baada ya hapo ilijengwa boma ya Arusha, na mwaka 1902 misheni ya Leipzig ikafungua kituo Nkoaranga.

Yaliyofuata ni ugawaji wa ardhi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ardhi ya chini ya mlima iligawiwa kwa walowezi, miongoni mwao Makaburu waliotoka Afrika Kusini na Wajerumani. Mashamba yao yaliuzunguka mlima kama pete inavyobana kidole kilichovimba. Juu kulikuwa na msitu uliofungwa na serikali. Chini kulikuwa na mashamba ya wageni. Katikati walibanwa wananchi wanaoongezeka. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na nafasi ya kuivunja pete hiyo. Badala yake, sehemu kubwa ya mashamba ya Wajerumani waliyoyachukua kama mali ya adui waliyauza tena kwa walowezi wengine.

Kubanwa huku kulikuwa na shabaha ya kiuchumi. Mlowezi hakuhitaji ardhi tu, alihitaji pia mikono. Mwananchi mwenye kihamba cha kutosha na ng'ombe wa kutosha hakuwa na sababu ya kwenda kung'oa magugu katika kahawa ya mtu mwingine kwa ujira mdogo. Kodi ya kichwa na upungufu wa ardhi vilikuwa viboko viwili vya kumsukuma huko.

Lakini wakulima hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1920 kahawa ilianza kuenea katika vihamba vya Kilimanjaro na Meru. Walowezi wa kaskazini walipinga, wakidai kwamba kahawa ya Waafrika ingeleta magonjwa na wizi. Hofu yao halisi ilikuwa kupoteza vibarua na kupata mshindani. Wananchi waliipanda kahawa chini ya migomba. Hakuna aliyefyeka chakula ili apate fedha. Udongo ule ule, kivuli kile kile na samadi ile ile vilitoa ndizi za nyumbani na kahawa ya sokoni. Kwa fedha ya kahawa watu walilipa kodi, wakasomesha watoto, wakaezeka bati. Hapa tunapata funzo la kwanza: zao la biashara si adui wa chakula kwa asili yake. Huwa adui pale linapolazimishwa kwa mtu asiye na ardhi ya kutosha, au pale anayeamua si yule anayelima.

NGARENANYUKI, 1951

Upande wa kaskazini mashariki wa mlima, ambako mvua ni chache, Wameru walikuwa na malisho na mashamba huko Ngarenanyuki. Eneo hilo lilikuwa pafu la mlima. Kijana aliyekosa kihamba juu alishuka huko. Ng'ombe wasioweza kulishwa bandani walikwenda huko.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliunda tume juu ya ardhi ya Arusha na Moshi chini ya Jaji Mark Wilson. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza kwamba ardhi ya Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro iunganishwe iwe eneo moja, na Wameru waliokaa katikati yake wahamishwe. Hoja iliyotolewa ni ya chakula na maendeleo: ati mlowezi atafuga kitaalamu na kutoa nyama na maziwa, na Mwafrika atapewa ardhi kwingineko.

Wameru walikataa. Walikataa mikutanoni, walikataa kwa barua, na walikataa fidia. Mnamo Novemba 1951 serikali ilitumia nguvu. Watu wapatao 3,000 waliondolewa Ngarenanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo yao ikaswagwa. Nia ya wananchi haikuvunjika. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet, akifuatana na mwanasheria Earle Seaton, alikwenda New York. Ndugu Kirilo alikuwa mwananchi wa kwanza wa Tanganyika kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwatetea wenzake. Baraza la Udhamini halikuirudisha ardhi. Katika Baraza Kuu, mwezi Desemba 1952, azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili ya kura.

Kwa hesabu ya kura, Wameru walishindwa. Kwa hesabu ya historia, walishinda. Habari ya Ngarenanyuki ilienea nchi nzima na kuwafundisha watu kwamba shauri la shamba ni shauri la utawala. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuta somo hilo limekwisha kufundishwa. Mradi wa walowezi wenyewe haukufua dafu, na Wameru walirudi. Leo Ngarenanyuki ni kata katika Wilaya ya Meru, na wakulima wake wadogo hulima nyanya, vitunguu na maharage yauzwayo mbali na mlima huo. Ardhi ambayo tume ilisema Mwafrika hawezi kuitumia vema imemjibu mwenye tume.

Inafaa kulinganisha. Mwaka ule ule wa taarifa ya Wilson, 1947, serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga huko Kongwa, na baadaye Nachingwea na Urambo. Lengo lilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni tatu kwa mashine ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula. Udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Mvua zake haziaminiki. Mibuyu na vichaka vilivunja matrekta. Wagogo walioijua ardhi hiyo hawakuulizwa. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza paundi zipatazo milioni 36. Basi mwaka mmoja, 1951, dola moja iliwachomea nyumba wakulima waliojilisha, kwa jina la kilimo cha kitaalamu, na ikaukunja mradi wake mkubwa wa kitaalamu kwa kukosa mavuno.

BAADA YA UHURU: MAFANIKIO NA MAKOSA YETU

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliiweka hoja mahali pake. Lilisema kwamba fedha za kigeni za kulipia viwanda na miji zinatokana na jasho la mkulima, na likaonya kwamba mji unaweza kumnyonya mkulima kama vile bepari anavyomnyonya mfanyakazi. Waraka wa Ujamaa Vijijini wa mwaka huo huo ulisisitiza hiari: watu washawishiwe, wasilazimishwe. Tangazo la Iringa la mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, liliwataka viongozi wajue kilimo wanachokihubiri.

Kada mwaminifu hana budi kukiri kwamba utekelezaji haukufuata nadharia kila mahali. Tuyataje makosa kwa majina yake.

(a) Kuhamisha watu. Katika Operesheni Vijiji, hasa mwaka 1974, mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, na sehemu nyingi kwa nguvu. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji. Vijiji vilileta shule, zahanati na maji. Hilo ni kweli na halifai kusahauliwa. Lakini katika sehemu nyingi watu walihamishwa wakati wa kulima, wakawekwa mbali na mashamba yao, katika udongo ambao ofisa aliuchagua kwa kuangalia barabara. Operesheni hiyo ilikutana na ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na taifa likalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje.

Miteremko ya Meru, kama ile ya Kilimanjaro na Bukoba, haikuhamishwa kwa namna hiyo. Watu walikuwa wamekaa karibu karibu tayari, na mgomba na mkahawa havichukuliki begani. Vihamba vikabaki na wenyewe, na maarifa yakabaki na udongo wake. Kwingineko mkulima aliyehamishwa alianza upya kujifunza mahali maji yanapotuama na mahali mchwa wanapokula mahindi. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa amri.

(b) Bei. Kwa miaka mingi mahindi yaliweza kuuzwa kihalali kwa chombo cha umma tu, na tangu miaka ya 1970 chombo hicho kilikuwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Pale serikali ilipoongeza bei baada ya njaa ya 1974 na mvua ziliporudi, ununuzi wa NMC ulipanda. Pale bei halisi ilipoanguka tena na malipo yakacheleweshwa, mahindi yalitoweka katika maghala ya shirika na kutokeza kwa walanguzi. Mkulima hakuwa ameacha kulima. Alikuwa amepiga kura kwa gunia lake.

(c) Ushirika. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Ni kweli kwamba baadhi yake vilikuwa vimeingiliwa na wezi na wenye nguvu. Lakini ugonjwa wa mti ulitibiwa kwa kuukata. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu ushirika kurudi, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvunja ushirika, pamoja na serikali za mitaa, kulikuwa kosa. Ujasiri huo wa kujikosoa ni urithi wa Chama kama ulivyo urithi wa Azimio.

(d) Kuamini ukubwa. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililoanzishwa mwaka 1969, lilipewa mashamba makubwa ya ngano huko Hanang kwa msaada wa Kanada. Kwa miaka kadhaa mashamba hayo yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini, nasi hatuna sababu ya kulificha. Lakini yalitegemea mashine, vipuri na wataalamu kutoka nje, na yalichukua malisho ya Wabarabaig, ambao walikwenda mahakamani kudai haki yao katika miaka ya 1980. Msaada ulipokwisha, uzalishaji ulidhoofika.

Msomaji atauliza: je, makosa haya ni sawa na yale ya mkoloni? Hapana. Shabaha zilitofautiana kama usiku na mchana. Mkoloni alitaka kumtajirisha mlowezi, sisi tulitaka kumwinua mnyonge. Lakini tumbo la mtoto haliulizi nia ya aliyetoa amri. Fikra kwamba ofisini kuna akili kuliko shambani ni masalia ya ukoloni hata inapovaa sare ya Chama.

MIKINZANO YA LEO MLIMANI

Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalivunjika na bei ikaanguka. Mzee wa Nkoaranga aliyesomesha watoto kwa kahawa alijikuta akiuza kilo nyingi kwa fedha isiyotosha dawa ya chulebuni. Wengi waliiacha mikahawa izeeke, na wengine wakaing'oa. Badala yake walizidisha ndizi, wakafuga ng'ombe wa maziwa bandani, wakalima nyanya, kabichi, karoti na mboga za majani. Mtu akitaka kuiona kazi ya wakulima hawa aende soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi. Ndizi, parachichi, maharage na mboga hushuka mlimani alfajiri kwa vichwa vya akina mama, kwa pikipiki na kwa magari ya mizigo, na kabla ya jioni vimekwisha kuelekea Arusha na kwingineko.

Sayansi nayo imesaidia pale ilipokubali kumtumikia mkulima huyu. Utafiti wa kilimo cha bustani hapo Tengeru, kazi ya Selian juu ya maharage, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa karibu na Arusha mwaka 1992 vimetoa mbegu zifaazo mashamba madogo. Nyanya za Tanya na Tengeru 97 ni mfano mmoja. Hakuna mkulima aliyehitaji ekari elfu moja ili mbegu hizo zimfae.

Kitaifa hali ni hiyo hiyo. Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu kaya za wakulima zipatazo milioni 7.8. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3, mwaka 2022 ilihesabiwa kuwa na watu milioni 61.7. Idadi imeongezeka mara tano, na kwa sehemu kubwa ugali, maharage, ndizi na wali wa watu hao umetoka katika mashamba ya familia. Duniani, watafiti wa FAO wamekadiria kwamba mashamba yasiyozidi hekta mbili yanashika takriban asilimia 12 ya ardhi yote ya kilimo, na hutoa takriban asilimia 35 ya chakula. Wako wanaotaja asilimia kubwa zaidi kwa nia njema. Haina haja. Anayetoa zaidi ya theluthi ya chakula juu ya sehemu moja ya nane ya ardhi hahitaji kutiwa chumvi.

Basi mkinzano uko wapi? Uko katika ardhi yenyewe. Kihamba cha babu kimegawanywa kwa wana, na cha wana kwa wajukuu, hadi mahali pengine mtu hurithi migomba anayoweza kuihesabu kwa vidole. Mji wa Arusha unapanda mlima. Kila mwaka vihamba hugeuzwa viwanja, na udongo wa kisima cha rutuba hufunikwa kwa saruji. Chini, katika ile ile pete ya zamani, mashamba makubwa hulima maua na mboga za kupeleka Ulaya, na hutumia mito ile ile. Wa juu na wa chini hugombea maji wakati wa kiangazi. Kijana aliyemaliza shule huona afadhali kuendesha bodaboda kuliko kungojea kipande kisichotosha.

Na kuna lile tuliloahidi kulirudia. Anayelisha mlima ni mama. Ndizi, maziwa na mboga vimo mikononi mwake. Ndiye ajuaye mgomba upi utazaa mwezi ujao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki sawa ya kumiliki. Lakini mila za urithi bado humwacha mjane au binti akilima kwa huruma ya shemeji au kaka. Haiwezekani kudai kwamba tunamtetea mkulima mdogo huku tukimwacha mkulima halisi bila shamba.

KAZI YA MAKADA

Kutokana na historia hii tunapata wajibu ulio wazi.

Kwanza, kulinda ardhi inayolisha. Mikutano mikuu ya vijiji ina mamlaka juu ya ardhi ya kijiji. Kada aliyeko kijijini ahakikishe mkutano huo unafanyika kweli, mpango wa matumizi ya ardhi unaeleweka, na kihamba hakiuzwi gizani. Hati za hakimiliki za kimila ziandikwe majina ya mume na mke.

Pili, maji. Mfereji ulioendeshwa kwa zamu tangu enzi za mababu ni shule ya demokrasia. Jumuiya za watumia maji ziwakutanishe wa juu na wa chini, mkulima mdogo na shamba kubwa, katika meza moja na kwa kipimo kimoja.

Tatu, ushirika wenye wenyewe. Ushirika wa maziwa au wa mboga udhibitiwe na wanachama wanaokamua na kulima. Hesabu zisomwe mbele yao kwa lugha wanayoielewa. Ushirika wa viongozi peke yao ni udalali uliobadili jina.

Nne, kujifunza kabla ya kufundisha. Ofisa aendaye kijijini na mpango uliokwisha kuandikwa amechelewa. Aulize kwanza kwa nini maharage hupandwa hapa na si pale. Mara nyingi jibu litakuwa na sababu ya miaka mia.

Wala hatusemi kwamba jembe la mkono ni fahari. Mkulima mdogo anahitaji mbegu bora, mkopo wa haki, barabara, ghala na zana za kumpunguzia mama mzigo. Tunachopinga ni fikra kwamba ili kilimo kiendelee, sharti mkulima aondoke.

HITIMISHO

Wajerumani walikata migomba, migomba ikachipua. Waingereza walichoma nyumba za Ngarenanyuki, wenyewe wakarudi kulima. Nasi, kwa nia njema, tulitoa amri zilizokausha maghala, kisha tukajifunza kusikiliza. Katika vipindi hivyo vyote mkulima wa Meru alitaka vitu vile vile: mahali pa kulima pasipoondolewa, maji ya zamu yake, na neno juu ya gunia lake. Hatari mpya haiji na askari. Inaja na kamba ya kupimia viwanja, mtu mmoja mmoja, robo ekari baada ya robo ekari, na mara nyingi kwa hiari ya muuzaji aliyebanwa na ada ya shule. Ngarenanyuki iliokolewa na watu waliokubali kuchanga kwa ajili ya ardhi ya wote. Kihamba kitaokolewa na nani? Swali hilo sasa liko mezani pa matawi yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MATAWI NA VYUO

1. Kwa nini kahawa haikuondoa chakula katika vihamba vya Meru? Je, zao la biashara la sehemu yenu limeathiri vipi chakula?

2. Linganisheni Mpango wa Karanga na kuhamishwa kwa wananchi wa Ngarenanyuki. Ni fikra gani moja iliyoongoza matendo yote mawili?

3. Kati ya makosa manne yaliyotajwa baada ya uhuru, ni lipi ambalo dalili zake bado zinaonekana katika kata yenu?

4. Ni familia ngapi katika kijiji chenu ambamo mama anayelima ana haki iliyoandikwa juu ya shamba? Tawi litafanya nini?